Joho Nisilolivaa

Watu wengi waliosoma wamesimulia siku waliyopokea shahada zao. Mimi nitasimulia kwanza siku ambayo sikuipokea yangu, kwa maana siku hiyo ilinifunza jambo ambalo miaka 4 ya masomo ilikuwa haijanifunza. Msomaji kijana aliye bado katika shule ya sekondari, aionaye siku ya joho na kofia kwa mbali kama mtu aonavyo kilele cha mlima, huenda akapata faida katika habari hii. Asipopata faida, walau atacheka kidogo. Na kucheka si hasara.

Kwetu ni Ndabibi, katika Kaunti ya Nakuru. Ni uwanda ulio upande wa magharibi wa Ziwa Naivasha. Kaskazini yake vimesimama vilima vya Eburru, na magharibi yake umeinuka ukingo wa Mau. Zamani uwanda huo ulikuwa malisho ya Wamaasai. Katika enzi ya ukoloni ukawa shamba kubwa la ng'ombe la mlowezi aliyeitwa Gilbert Colvile. Leo umegawanyika katika vishamba vya watu wa makabila mengi, wanaolima mahindi, maharagwe na viazi, na kufuga ng'ombe wawili watatu. Udongo wake ni majivu ya milima ya moto ya kale. Masika yakinyesha vema nchi hiyo hupendeza kama kitambaa kipya. Kiangazi kikiingia upepo huinua vumbi, na mtu aliyetoka nyumbani na shati jeupe hurudi na shati la rangi ya ardhi.

Mama alinilea huko peke yake, kwa kuwa baba alifariki nilipokuwa darasa la 3. Alikuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kukata waridi katika shamba moja la maua kando ya ziwa, ambako maua hufungwa mafungu mafungu na kupelekwa Ulaya kwa ndege. Kazi ya pili ilikuwa ng'ombe wetu mmoja, tuliyemwita Nyange kwa weupe wake. Kabla ya alfajiri mama alimkama Nyange, akapima maziwa, akaandika kiasi chake katika daftari. Jioni akafanya vivyo hivyo. Alianza desturi hiyo baada ya kukhitilafiana na mchuuzi mmoja juu ya hesabu ya mwezi, naye hakuwa na ushahidi ila kinywa chake. Tangu hapo hakuacha kuandika hata siku moja. Nilipomuuliza sababu ya kujisumbua kiasi hicho kwa ajili ya ng'ombe mmoja, alinijibu kwa methali ambayo kila Mswahili anaijua: mali bila daftari hupotea bila habari.

Juu ya vilima vya Eburru ardhi hutoa mvuke wa moto mchana na usiku, lakini maji ya kunywa ni haba. Wakazi wa huko wamepata hila njema. Huuongoza mvuke ule katika mabomba. Mvuke hupoa, hugeuka matone, na matone hujaza pipa. Mtu mwenye haraka hawezi kunywa maji ya Eburru. Karo yangu ya chuo ilipatikana kwa njia iyo hiyo. Tone moja lilitoka katika waridi, tone moja katika maziwa, tone moja katika chama cha akina mama, na tone moja katika harambee iliyofanywa uani kwetu, ambapo nyanya yangu alitoa kuku wake wawili wakanadiwa. Nilikuwapo nikaona kwa macho yangu. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikujua thamani ya kile nilichopewa.

Wenzangu niliosoma nao walitawanyika. Baadhi yao walikwenda Egerton, Njoro, shule ya kilimo iliyoanzishwa mwaka 1939 na kufanywa chuo kikuu mwaka 1987. Wengine walikwenda Kabarak, chuo cha Kikristo kilicho karibu na mji wa Nakuru, kilichopata hati ya serikali mwaka 2008. Mimi nilipanda ukingo wa Bonde la Ufa nikaenda Limuru, katika Chuo Kikuu cha St. Paul's, kusoma mambo ya biashara.

Chuo hicho kina nasaba ambayo si ya kawaida. Mwaka 1872 Mwingereza mmoja, Sir Bartle Frere, alitumwa Zanzibar kumshawishi Sultani Barghash aikomeshe biashara ya watumwa. Muda mfupi baadaye wamisionari wa Kianglikana walianzisha makao ya watumwa waliokombolewa, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na makao hayo yakaitwa Freretown kwa jina lake. Hapo palikuwa na kengele, na hata leo mahali hapo panaitwa Kengeleni. Mwaka 1903 ilifunguliwa huko Freretown shule ndogo ya kuwafundisha wachungaji. Mwaka 1930 shule hiyo ilihamia Limuru; mwaka 1955 Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti waliungana kuiendesha pamoja; na mwaka 2007 ilipata hati ya kuwa chuo kikuu. Habari hizi niliambiwa katika juma langu la kwanza. Nilizisikiliza kama mtu asikilizavyo matangazo ya kituo cha basi wakati basi lake halijatajwa.

Limuru ni nchi ya chai na ukungu. Mtu wa Ndabibi aliyezoea jua na vumbi hushangaa kuona nguo alizofua Jumamosi zikiwa bado mbichi Jumatatu. Maisha yetu yalikuwa na utaratibu wake. Kulikuwa na sala katika kanisa la chuo, masomo, githeri ya bwaloni iliyosifiwa na wageni na kulalamikiwa na wenyeji, na maktaba ambayo wengi wetu tuliipenda, wengine kwa ajili ya vitabu na wengine kwa ajili ya joto. Palikuwa na wanachuo wa kila namna: vijana waliotoka shuleni moja kwa moja, wachungaji wenye mvi waliosoma kwa miwani, na wageni kutoka nchi jirani. Jioni tulibishana juu ya siasa, mpira na maandiko, na mara nyingi aliyeshinda ni yule mwenye sauti kubwa.

Kikilinganishwa na vyuo vikuu vya serikali, chuo chetu kilikuwa kidogo, na udogo una tabia zake. Katika chuo kikubwa mtu aweza kupotea kama punje katika gunia. Katika chuo kidogo mwalimu anajua jina lako, anajua kwenu, na usipokuja darasani anamuuliza mwenzako kama u mgonjwa. Tulizoea kuiita hali hiyo kuwa ni kama kuishi kijijini, nasi hatukukusudia kukisifu chuo. Miongoni mwetu alikuwamo binti wa jirani yetu wa Ndabibi, aliyekuwa akisoma elimu ya dini. Tulipokutana njiani aliniamkia kwa habari za nyumbani: mvua imenyesha, mama yako hajambo, Nyange amezaa. Nilimkwepa mara kwa mara. Nilikuwa nimejifunza kuvaa na kusema kama vijana wa mjini, na habari za Nyange zilinivua nguo hizo mbele za watu.

Mwanachuo wa mwaka wa 4 alitakiwa kuandika andiko la utafiti. Mimi nilichagua kuandika juu ya biashara ya maziwa ya wafugaji wadogo wa Ndabibi. Mpango wangu ulikuwa kuwatembelea wafugaji 40, kuwauliza maswali, na kupanga majibu yao katika majedwali. Mwalimu aliyenisimamia aliupenda mpango huo. Nilipewa wiki 6 za likizo kwa ajili ya kazi hiyo.

Wiki 4 za kwanza nilikaa Nairobi kwa rafiki yangu, nikitembea na kustarehe. Mama nilimwambia kwamba kazi ya chuo imenizuia. Wiki ya 5 niliona haya kwenda kwetu kubisha milango ya watu walionichangia karo, nikiwa na karatasi za maswali mkononi kama karani wa kodi. Wiki ya 6 nilifunga mlango wa chumba cha rafiki yangu, nikaketi, nikawabuni wafugaji 40. Niliwapa ng'ombe, niliwapa maziwa, niliwapa faida na hasara. Kazi ambayo ingenichukua majuma mengi ya kutembea niliimaliza kwa siku 3, na naungama kwamba nilipoyatazama majedwali yangu niliyaona mazuri mno. Hesabu zote zilikubaliana. Hapakuwa na mfugaji hata mmoja aliyesahau, aliyekataa kujibu, wala aliyekuwa amefiwa na ndama.

Mwalimu alikaa na andiko langu siku chache, kisha akaniita ofisini. Alikuwa mtu wa maneno machache, naye mwenyewe alikuwa mfugaji. Alifungua ukurasa wa jedwali la pili, akaweka kidole juu yake, akasema:

“Hapa umeandika kwamba ng'ombe wa Ndabibi hutoa maziwa mwezi wa Februari sawasawa na mwezi wa Mei. Nifahamishe. Ng'ombe hao hula nini mwezi wa Februari?”

Nilinyamaza. Nilijua mwezi wa Februari ulivyo. Nilikuwa nimemchunga Nyange katika mwezi huo tangu utoto wangu, katika majani makavu yaliyovunjika kama vijiti vya kibiriti. Nilijua kwamba katika mwezi huo mama hupima maziwa kwa kikombe badala ya kupima kwa ndoo. Yote hayo niliyajua, nami niliandika kama mtu asiyejua, kwa kuwa anayebuni hana wakati wa kukumbuka.

“Ulikwenda?” aliuliza.

“Nilikwenda, Mwalimu,” nikasema. Akaendelea kunitazama, bila hasira. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati, nasi tulikaa tukiisikiliza. Mwishowe nikasema, “Sikwenda.”

Adhabu niliyopewa ilikuwa nyepesi kuliko kosa. Andiko lilikataliwa, nikaamriwa kuifanya kazi yote upya, na jina langu halikutiwa katika orodha ya watakaohitimu mwaka ule. Nilitoka ofisini nikijihurumia sana. Wakati huo sikufikiri kwamba nimesema uongo. Nilifikiri tu kwamba nimekamatwa. Iko tofauti kubwa baina ya mawazo hayo mawili, nami ilinichukua muda kuivuka.

Jambo lililonitisha zaidi lilikuwa Ndabibi. Mama alikuwa amekwisha kodi gari la kuwaleta jamaa 14. Nyanya alikuwa ameshonewa kitambaa kipya. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba akinenepeshwa. Shetani hana upungufu wa ushauri, na usiku ule alinishauri mengi. Nikodi joho kama wengine, niketi nyuma, nipigwe picha, niseme kwamba jina langu lilisomwa wakati watu walipokuwa wakishangilia. Nani angejua? Wazee wa Ndabibi wasingedai kuiona orodha. Kwa siku mbili nililipima shauri hilo kwa makini. Lililonizuia halikuwa wema wangu. Nilimkumbuka binti wa jirani, aliyenijua na aliyekuwa amekwisha isoma orodha. Na niliona kwamba uongo huo wa pili ungenilazimu kumwomba yeye naye aseme uongo. Nilikuwa nimekwisha watungia watu 40 maisha yao. Sikuweza kumtungia wa 41.

Siku 4 kabla ya mahafali nilirudi nyumbani. Nilifika jua likitua. Mama alikuwa akimkama Nyange, amempa mgongo njia. Nilisimama nyuma yake nikamwambia habari yote, tangu Nairobi hadi mwezi wa Februari, nikisema haraka ili nisikatizwe. Hakunikatiza. Hakuacha kukama, wala mkono wake haukubadili mwendo. Nilisikia maziwa yakiendelea kupiga ndani ya ndoo. Alipomaliza aliinuka, akapima, akaingia ndani, akaandika. Kisha alilisukuma daftari mezani likafika mbele yangu.

“Lilikuwa hapa siku zote,” alisema. “Hata mimi hukuniuliza.”

Msomaji, nimekemewa mara nyingi maishani, lakini sikumbuki karipio lililoniingia kama maneno hayo. Alikuwa na madaftari 11, ya miaka 11, yenye maziwa ya kila asubuhi na kila jioni, bei ya kila mwezi, siku ambazo mchuuzi hakuja, na siku ambazo Nyange aliugua. Hakuna mwanachuo ambaye hangeyatamani madaftari hayo. Nami nilikuwa nimekaa siku 3 katika chumba cha Nairobi nikibuni kile ambacho mama yangu alikuwa amekiandika kwa kweli kwa muda wa miaka 11.

Nilimuuliza kama nimwendee mwenye gari nikavunje mapatano. Alifikiri kidogo, akasema, “Gari limekwisha lipiwa, na watu wamekwisha fua nguo zao. Binti wa jirani anapokea shahada, na wazazi wake walikuwa wapande magari mawili ya abiria. Watapanda letu. Tutakwenda kumwimbia yeye, na wewe utakaa karibu nami.”

“Na watu nitawaambia nini, Mama?”

“Utawaambia kama ulivyoniambia mimi.”

Basi siku ya safari, alfajiri, jamaa walipokuwa wamekwisha keti garini na vikapu vyao, nilisimama mlangoni nikawaambia. Sauti yangu ilitetemeka. Mjomba wangu aliyeuza gunia la viazi kwa ajili yangu alitazama nje dirishani. Shangazi alishika shavu. Kimya kilikuwa kirefu, na sikujua nikitazame wapi. Ndipo nyanya, aliyekuwa ameketi mbele na kitambaa chake kipya, akauliza, “Kwa hiyo mbuzi hachinjwi?” Mama akamjibu kwamba hachinjwi. Nyanya akasema, “Haya. Basi yeye ndiye aliyefaulu mwaka huu.” Watu wakacheka, na gari likaondoka. Mjomba hakucheka. Alinisemesha tulipofika Mai Mahiu, chini ya ukingo, penye lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942. Alilinyoshea kidole, akasema tu, “Hata wafungwa walimaliza kazi yao.”

Limuru tulikuta ukungu umeanza kupasuka. Hema nyeupe zilikuwa zimetandwa uwanjani, na watu walikuwa wamejaa: wanawake wenye vitenge vya sare, wazee wenye makoti mazito, watoto waliokwisha chafua viatu, wapiga picha waliokimbia huku na huku, na wauzaji wa mashada ya karatasi zing'aazo ambayo huvishwa wahitimu shingoni. Maandamano yalipoingia, majoho yakipepea, watu wote waliinuka. Niliwaona wenzangu wakipita. Baadhi yao waliniona nami nikiwa nimekaa baina ya mama na nyanya, nimevaa koti langu la kila siku. Wengine walinipungia mkono, wengine waligeuza macho kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa nzito kuliko dharau.

Majina yalisomwa kwa utaratibu wa herufi. Nilijua jina la kijana aliyenitangulia katika orodha ya darasa, na la msichana aliyenifuata. Jina la kijana likasomwa, vigelegele vikapigwa. Jina la msichana likasomwa, vigelegele vikapigwa. Baina ya majina hayo mawili hapakuwa na hata nafasi ya kuvuta pumzi. Nilikuwa nikidhani kwamba pengo langu litaonekana, kwamba walimwengu watalihisi kama ulimi uhisivyo pengo la jino. Halikuonekana. Sherehe iliendelea. Mama aliweka mkono wake juu ya goti langu, akauondoa.

Hapo ndipo nilipokumbuka Freretown, ile habari niliyoisikiliza bila kusikia. Nilifikiri juu ya watu wale waliotolewa katika majahazi, watu waliokuwa wamehesabiwa na wengine kama mali, kwa vichwa, bila mtu kuuliza majina yao wala kwao. Katika makao yao ndimo ilimoanzia ile shule, mwaka 1903, na shule ile ndiyo iliyokuwa hapo mbele yangu, ikiita watu kwa majina yao kamili, mmoja mmoja, kila mmoja akiinuka na kusikiwa na jamaa zake. Nami nilikuwa nimefanya nini? Nilikuwa nimewahesabu watu 40 bila kuwauliza majina yao. Niliwaandika kama nilivyopenda, kwa faida yangu. Kosa langu si kubwa kama la wafanyabiashara wale, wala sitaki kulikuza ili nionekane mwenye toba kubwa. Lakini mzizi wake haukuwa mbali na mzizi wa kosa lao: kumfanya mtu kuwa tarakimu, na kuona kwamba tarakimu yatosha.

Jina la binti wa jirani liliposomwa, gari zima la Ndabibi liliinuka. Nyanya aliimba wimbo ambao haukuwa katika ratiba. Mama alipiga vigelegele mpaka wageni wa hema ya pili wakageuka. Nilitazama uso wake kwa wizi, nikitafuta uchungu, kwa maana ile ndiyo sauti aliyokuwa amenitunzia mimi kwa miaka 4. Sikuuona. Alikuwa akimfurahia mtoto wa mwenziwe kwa moyo wote. Nilipiga makofi, na baada ya muda nikajikuta nami nafurahi. Nilimfuata yule binti baada ya sherehe, nikamvika shada shingoni, nikamwambia kwamba nimemkwepa miaka 4 na kwamba naomba radhi. Alisema alikuwa akijua, akaniuliza Nyange hajambo.

Wiki iliyofuata nilianza kazi. Nilikwenda kwa wafugaji 40, kwa miguu, nikiwa na karatasi zangu na madaftari mawili ya mama kwa mfano. Kazi ilichukua miezi 2, kwa sababu watu halisi si kama watu wa kubuni. Wako waliosahau. Wako waliokataa. Mzee mmoja alinijibu maswali yote kwa uongo, akacheka, akaniambia rudi kesho nikwambie kweli. Mama mmoja aliniuliza naandika ili iweje, na sikuweza kumjibu kwa maneno ya kitabu. Nikamfunulia daftari la mama, nikamwonyesha mahali ambapo hesabu ya mchuuzi haikukubaliana na maziwa aliyochukua. Alilitazama sana. Nilipopita tena nilikuta amenunua daftari.

Nilijifunza kwamba mwezi wa Februari bei ya maziwa hupanda, na mfugaji wa Ndabibi hana maziwa ya kuuza; na kwamba mwezi wa Mei ana maziwa tele, na bei imeanguka. Nilijifunza kwamba maziwa ya jioni, yakikosa mchuuzi na mahali pa kupozwa, hunywewa na watoto au huachwa yakaganda. Nilijifunza kwamba mtu anayelazimika kununua majani makavu humlisha ng'ombe kwa fedha za maziwa ya jana. Majedwali yangu mapya hayakuwa mazuri. Yalikuwa na mapengo, na hesabu zake zilipingana mahali pengi, nami ilinibidi kueleza kwa nini zinapingana. Mwalimu aliyasoma, akauliza maswali mengi, wala hakuuliza kama nilikwenda.

Mwaka uliofuata jina langu lilisomwa. Nilivaa joho, nikapiga goti, nikainuka na shahada. Baada ya sherehe nilimvika mama lile joho juu ya sweta yake, likamfikia kwenye vifundo vya miguu, tukapigwa picha. Nyanya alisema kwamba sasa ameona kazi ya vazi lile: huzuia baridi ya Limuru. Mbuzi, aliyekuwa amepata mwaka mmoja wa ziada na mwili wa kutosha, alikuwa amekwisha timiza wajibu wake.

Siku zile za mahafali huwa na maneno mengi juu ya ufunguo wa maisha na mlango wa mbele. Mimi huwaambia vijana maneno machache tu. Mtakapofika chuoni mtapewa kazi ambayo hakuna atakayewaona mkiifanya, na itawezekana kuonekana mmeifanya bila kuifanya. Hapo mkumbuke kwamba joho hukodiwa na kurudishwa siku iyo hiyo, na kwamba yule aliyelilipia huenda yuko nyumbani kwenu akiandika jambo la kweli katika daftari, nanyi hamjamuuliza.

Hivi karibuni nilifungua daftari la mwaka ule wa pili nione mama aliandika nini siku ya shahada yangu. Nilitumaini kukuta neno. Yako maandishi haya tu, kwa mkono wake uliolala kidogo: asubuhi lita 5; jioni lita 3, kakama mtoto wa jirani, sisi tuko njiani.